Nerio Mhamisha Nyumba

Kaka yangu Nerio alikuwa anahamisha nyumba. Si vyombo, jamani, nyumba nzima! Anafunga mashua mbili ubavu kwa ubavu, anaiinua nyumba kutoka kwenye nguzo zake majini, kisha anaivusha ziwa la Maracaibo na bati lake juu. Tope likijaa chini ya kijiji, aliitwa yeye. Kazi aliifanya mchana, maana radi yetu ni ya usiku. Tumezaliwa tukijua hivyo, na karata tumecheza kwa mwanga wake.

Lakini miaka hii joto limezidi, maji ya ziwa ni ya uvuguvugu kama uji wa mgonjwa, na radi imekosa adabu, inakuja saa yoyote. Tuliliona hilo. Tukajitia hamnazo.

Siku ya kuhamisha nyumba yake mwenyewe, mkewe Eudomaria alimwambia, "Ng'oa kwanza antena, baba."

"Mchana kweupe huu? Wewe mwanamke una woga kuliko kuku!"

Tukacheka wote, tukaondoka.

Katikati ya ziwa mbingu ikafunga. Mbele mbali, nyuma mbali. Ukikaa ndani, bati liko juu yako, ukiruka, maji. Nywele zikaanza kutusimama, na ile antena, bomba refu la chuma, ikawa inavuma kama nyuki juu ya paa.

"Nageuza!" nikapiga kelele, maana injini nilishika mimi.

"Ugeuze uende wapi, wifi?" Eudomaria akanifokea.

Nerio akashika ngazi. "Ikibaki pale tunakwisha wote."

Eudomaria akamkamata kaptula. "Huendi! Nimesema huendi!"

"Niache, mama. Sasa hivi nashuka." Akajichomoa, akapanda.

Fundi alikuwa fundi, hilo simnyimi. Akalegeza waya, akaling'oa bomba, akalitupa majini. Tukashangilia kama wendawazimu. Nilimpenda sana kaka yangu saa ile. Akasimama wima juu ya paa, akatupungia mikono miwili.

Bomba lilikuwa limekwenda. Kirefu kilichobaki pale ziwani ni yeye.

Mwanga ulitupofua. Nilipoanza kuona tena, alikuwa amelala juu ya bati, shati linafuka moshi, nikajua kaka yangu amekufa. Eudomaria alikuwa bado amefumba macho. Ameishikilia ngazi kwa mikono miwili isiyumbe, anamwita kwa kubembeleza, "Shuka sasa, baba. Imeshatoka. Shuka."