Kikwembe Ulingoni

Kikwembe kile sijakifua. Nimekikunja chini kabisa ya sanduku langu, kina alama ya kiatu katikati, na mjukuu wangu anajua kiko pale ingawa hatukitaji.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitaeleza vile ninavyosema kila siku. Boksi niliijua kupitia mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, anapakia maharagwe kule mji wa Kiwanja, anashusha Goma, na Jumapili baada ya misa anapigana. Ulingo wenyewe ulikuwa kamba zilizofungwa kwenye miti, juu ya yale mawe yetu meusi ya volkano, udongo umemwagwa juu ili mutu akianguka asichunike. Tulizunguka pale tumesimama, wake kwa waume. Tulitukana sana, usifikiri tulikuwa watakatifu. Bondia akirusha ngumi ikapita hewani, wanawake wa mtaa wa Birere walimuimbia kwamba anafukuza nzi kwenye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Akikimbiakimbia, walimuuliza kama ameacha sufuria motoni. Hata yeye mwenyewe alicheka.

Na tulikuwa na desturi yetu. Mwanaume akipigwa mpaka miguu inalegea, naye kwa kiburi hataki kuacha, mwanamke wa nyumbani kwake alifungua kikwembe chake cha juu, kile kitenge tunachofunga juu ya kingine, akakitupa ulingoni. Mama, mke, shangazi, yeyote wa damu au wa ndoa. Kelele na ngumi zilikatika pale pale. Aliyekuwa anashinda ndiye aliyekiokota, akakikung'uta vumbi, akamrudishia mwanamke kwa mikono miwili. Hatukusema fulani ameshindwa. Tulisema ameitwa nyumbani.

Mimi nilikitupa nikiwa bado bibi arusi. Mume wangu alikuwa anapigwa na mchukuzi wa soko, mutu mwenye shingo kama ya ng'ombe, na damu ilikuwa inamwingia mdomoni. Nilitupa bila kufikiri. Mchukuzi akasimama, akaokota, akaja mpaka kwenye kamba.

"Mama," akaniambia, "peleka muzee akakule. Ni mugumu huyu, ataniua na uchovu."

Watu wakacheka, wakatusindikiza mpaka mlangoni wakiimba jina la mume wangu. Yeye alininunia, hakugusa ugali wangu, akisema nimemvua nguo mbele ya mji. Halafu ikapita. Akarudi ulingoni, na watu walewale wakamshangilia.

Mjukuu wangu nilimlea na hadithi hiyo. Mama yake alikufa akimzaa, babu yake naye akamfuata kaburini, tukabaki mimi na yeye na beseni langu la sambaza. Alipoanza boksi katika ukumbi ulio nyuma ya gereji, majirani walisema msichana ataharibika. Niliwaambia waende wamwambie yeye, usoni. Hakwenda mutu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka haraka kuliko macho yangu. Siku akishinda nilipanga samaki wangu sokoni nimeinua kidevu, na mteja aliyetaka kupunguziwa bei nilimuuliza kwanza kama anajua anazungumza na koko, bibi wa nani.

Kisha akaumizwa jicho la kuume mazoezini. Muganga alilimulika na taa yake, akatuambia wote wawili: "Hili likipigwa tena kabla halijapona, linaweza kuzimika." Na pambano lake kubwa lilikuwa limekaribia, lile ambalo mshindi angepelekwa Kinshasa. Hakumwambia kocha chochote.

"Nikikosa hii, Koko, hawataniita tena," alisema. "Nitalinda jicho. Na wewe usikuye. Batu ya leo hauwajui."

Nilikwenda. Nani angebaki nyumbani?

Alisema kweli, sikuwajua. Hawakuimba. Waliinua simu juu, wanatazama ulingo kwenye kioo kidogo kama vile wenyewe hawako pale. Wengine walikuwa wamebeti na hawakujali ni nani anapigana, walitaka tu aanguke mapema. Na matusi yao hayakuwa ya mkono wala ya mguu. Walimtukana mutu kwa kabila la mama yake, kwa kijiji alichokimbia. Tangu vita iingie mjini, watu wana hasira wasiyoweza kumwonyesha mwenye bunduki. Jumapili wanaileta pale, wanamwagia watoto wa wengine.

Mwanzoni mjukuu wangu alipigana vizuri, kidevu kimefichwa, mkono wa kuume umekaa palepale mbele ya jicho. Mwenzake, binti wa mtaa wa Ndosho mwenye mabega ya kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliona. Mutu anayelinda mahali pamoja anakuonyesha pa kupiga. Akaanza kupiga hapo tu. Jicho likavimba, likafunga.

"Maliza yeye!" walipiga kelele. "Piga kwenye jicho! Jicho!"

Kocha alikuwa na taulo begani. Nilimtazama, nikangoja alitupe. Alikuwa anatazama watu, si ulingo. Mjukuu wangu akayumba, akashika kamba, akarudi tena katikati. Nilikijua kiburi kile. Nimelala nacho kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yangu.

Nikafungua kikwembe changu, nikakitupa.

Kelele hazikukatika. Ziligeuka kicheko. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Koko, soko iko kule chini, huku hatununue." Mwingine akasema, "Muache, amesikia joto." Simu zikanigeukia mimi. Binti wa Ndosho hakujua kile ni kitu gani, nani angemfundisha? Alikikanyaga akiendelea kupiga. Arbitre, yule mwamuzi, akawatenganisha, akakisukuma kikwembe kwa mguu kuelekea pembeni, akawaonyesha kwa mkono waendelee.

Mjukuu wangu hakuendelea. Alisimama anakitazama. Alikuwa anakijua, alikiona kila siku kiunoni mwangu. Akaniona mimi kwenye kamba, nimebaki na kimoja tu. Akateremsha mikono. Akaenda pembeni, akainama, akakiokota kwa yale maganti yake makubwa ya ngumi, akakikung'uta vumbi vizuri, kama nilivyomhadithia tangu mdogo. Akaniletea kwa mikono miwili.

"Chukua, Koko," alisema. "Twende."

Wakati huo ndipo chupa zilipoanza kurushwa. Waliokuwa wamebeti walimwita mwizi, wengine wakamwambia atafute bwana, arudi jikoni kukaanga samaki. Kocha alitugeuzia mgongo. Hakuna aliyetusindikiza. Tulitembea wenyewe kwenye mawe, nimemshika mkono upande wa jicho bovu ili asijikwae, na nyuma yetu wanacheka bado.

Jicho lilipona. Muganga alilifunika lile zima, akamwonyesha vidole, na mjukuu wangu akavitaja vyote. Nilimshukuru Mungu na ninamshukuru mpaka leo, na mutu akiniuliza kama nilikosea nitamwambia hapana.

Lakini video ilizunguka mji mzima. Akipita barabarani wanamwita Kikwembe. Akienda ukumbini vijana wanavua mashati, wanamtupia miguuni, wanacheka. Alijaribu kurudi mara chache. Kocha akamwambia angoje, na hakusema angoje mpaka lini. Sasa ananisaidia kuuza sambaza. Mkono wake wa kushoto bado una haraka, unafukuza nzi.

Juzi tulikuwa tunamwaga samaki kwenye beseni, akaniuliza bila kuinua uso:

"Koko, ile siku ulimuita babu nyumbani. Kisha alirudia kupigana?"

"Alirudia."

"Na batu walimupokea?"

"Walimuimbia."

Akaendelea kuchagua samaki, wadogo huku, wakubwa huku. Nilingoja aseme neno. Mteja akafika, akauliza bei, na yeye ndiye aliyemjibu.