Asali Iliyogoma Kumwagika

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya sayansi tuliyokaririshwa kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kwaya. Siku hiyo maada nzito kuliko zote darasani ilikuwa Kiingereza chenyewe.

Mwalimu wetu ni Mzaramo. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipobeba pembe kwa miguu kutoka huku Tabora hadi pwani, wakawakuta mababu zake wamekaa tu. Mtani anaweza kuja msibani kwenu, akamtukana marehemu na kuondoka na jogoo, nawe huruhusiwi kununa. Sasa mtu wa namna hiyo mpe chaki na darasa lililojaa Wanyamwezi.

“Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka baharini,” alikuwa anatuambia, “nyie sentensi moja ya Kiingereza inawashinda kubeba mpaka mlangoni!”

Tulimpenda sana.

Basi akatuagiza kila mmoja alete maada kutoka nyumbani, aseme kama ni yabisi, kimiminika au gesi. Watu wakaleta mawe. Mawe, mwanangu! Jirani yangu wa dawati alileta puto lililofungwa kwa uzi, akaapa kwamba gesi iliyomo imetokana na maharage ya shule. Hakuna aliyejitolea kuhakikisha.

Mimi nilileta kopo la asali. Naishi kwa shangazi yangu, na shangazi anauza asali. Anaipata Kigwa kwa warina wanaotundika mizinga porini, anaichuja, anaiuza mjini, na hiyo ndiyo inayotulisha na kuninunulia madaftari. Ulikuwa mwezi wa Juni, ule wenye baridi ya kumfanya mtu aoge kwa mkataba. Asali yote ya nyumbani ilikuwa imeganda, nyeupe, ya chengachenga.

Nikafungua kopo, nikaligeuza juu chini, sawasawa juu ya kichwa cha mwalimu.

Asali haikudondoka.

“Yabisi, mwalimu,” nikasema.

Alibaki ametulia chini ya kopo kama mtu anayesubiri kubatizwa. Kisha akachovya kidole, akalamba, akakunja uso.

“Hii si asali. Hii ni sukari ya Kinyamwezi! Shangazi yako kanunua kilo mbili dukani, nyuki kapigiwa simu tu ajulishwe!”

Tukacheka mpaka puto likapasuka. Na kwa bahati mbaya kabisa, mlangoni alikuwa amesimama mama wa stoo, yule anayenunua vyakula vya shule, amekuja kuuliza idadi ya wanaokula mchana. Yeye ni mgeni huku, ametokea kaskazini, na hana utani na kabila lolote chini ya jua. Hakucheka. Aligeuka akaondoka.

Jioni shangazi akapokea simu. Asali aliyoagizwa kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne haitakiwi tena. Shule haiwezi kuwapa wageni sukari iliyochemshwa.

Shangazi akaweka simu chini taratibu.

“Nani kasema asali yangu ni sukari?”

“Mwalimu wa sayansi, shangazi. Lakini alikuwa anatania.”

“Yule Mzaramo?”

“Ndiyo.”

Nilitegemea matusi. Yeye akawa anawaza. Mahafali yale wangekuja wazazi wa kutoka Urambo mpaka Isikizya, na kila anayeonja ni mteja. Sasa wangeambiwa kwa nini asali haipo mezani. Neno likishafika sokoni kwamba unachanganya, uza mkaa.

“Mtani hakasirikiwi,” akasema hatimaye. “Mtani anachukuliwa kitu.”

Asubuhi nilipofika shule, nilimkuta shangazi kanitangulia. Alikuwa amepita nyumba za walimu, akaanua kwenye kamba koti jeupe la maabara, lile ambalo mwalimu hulifua mwenyewe kwa mkono, na akalivaa juu ya kanga. Anapita mbele ya madarasa, dumu la asali kichwani, mikono mifukoni.

“Shikamoo dokta!” tukapiga kelele madirishani.

“Marahaba wanangu! Nani anaumwa?”

Mwalimu akatoka ofisini mbio, kalamu sikioni.

“Mtani! Koti langu!”

“Koti gani? Hili limeganda mwilini, halivuki. Si umesema kikiganda ni sukari?”

“Nilikuwa natania!”

“Najua. Nenda kamwambie asiyejua. Babu yako alikaa pwani akisubiri aletewe. Leo wewe utatembea.”

Akatembea. Nasi tukamfuata kwa mbali mpaka jikoni, maana mwalimu wa kipindi naye alitaka kuona.

Mama wa stoo alisikiliza, mikono kifuani. Mwalimu akaomba sufuria ya maji ya moto, akaliweka ndani kopo langu la jana, akawa anakoroga na kufundisha: kukiwa na baridi, sukari ya asili iliyomo ndani ya asali hujikusanya ikawa chenga, ukiipa joto, chenga zinaachiana. Maada ni ileile, hali tu ndiyo inabadilika. Na kweli, asali ikalegea, ikawa ya kahawia, ikatiririka kwenye kijiko.

“Hata sukari guru ikipashwa inayeyuka,” mama wa stoo akasema.

Nikajua tumekwisha.

Mwalimu akakuna kichwa. Angeweza kutulaghai pale, wote tungemwamini. “Ni kweli,” akasema. “Kuganda hakuthibitishi sukari, na kuyeyuka hakuthibitishi asali. Jikoni hapa sina kipimo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jana nilitania kwa kinywa hikihiki kinacholamba asali ya mama huyu kila asubuhi. Ingekuwa sukari, ningeshamfungulia kesi, siyo utani.”

“Na mahafali?”

“Weka bakuli la kwanza mbele yangu. Nile mbele ya wazazi wote.”

Mama wa stoo akamtazama, kisha akamgeukia shangazi aliyesimama mlangoni na koti la mwalimu, amebana midomo, na dumu bado lipo kichwani.

Mama wa stoo akachovya kijiko, akaonja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

“Asali nzuri,” akasema. “Leta kama tulivyokubaliana. Ila wewe mwenyewe mnene sana kwa koti hilo, dokta.”

Shangazi alicheka mpaka ikabidi tukimbilie kulishika dumu. “Jamani,” akasema, akijifuta machozi kwa mkono wa koti la watu, “huyu naye tumpatie kabila.”