Waacheni Wachimbe, Waridhike

Mtu wa mwisho kumwona yule binti kijijini nilikuwa mimi, na nililisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku ya kwanza. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo wanaosema nilificha.

Alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya kata, binti wa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, huku upande wa Matiri nilikoolewa. Jumamosi aliyopotea alitumwa usipa kwangu. Mama yangu mzazi yuko Mbamba Bay, kwetu ziwani, na akipata dagaa wazuri hunitumia kwa gari linalopanda, nami nawauzia majirani kidogo kidogo. Nilimpimia, akafunga mfuko wake, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni akimtekenya mwanangu mdogo aliyekuwa mgongoni kwangu, kisha akaniuliza:

"Dada, kule ziwani boti za kwenda ng'ambo huondoka siku gani?"

"Ng'ambo ipi? Malawi?"

"Yoyote."

"Una ndugu huko?"

"Aa, nauliza tu. Jiografia."

"Jiografia gani inauliza nauli ya boti?"

"Sijauliza nauli, dada, hiyo umeiongeza wewe!" Tukacheka. Akashuka na njia ya kijitoni, usipa mkononi. Kwao hakufika.

Kesho yake, watu wakitoka misani, mama yake, aliyekuwa amedhani binti kalala kwa bibi yake, alikuja kwangu mbio, kitenge kinamdondoka. "Mwanangu alifika hapa?" Nikamwambia alifika, alichukua mboga, akaondoka na njia ile pale. Akageuka kuikimbilia njia kabla sijamaliza. Ya boti hayakunijia kabisa. Yalinijia jioni, mpelelezi alipokuja na pikipiki, akakaa kwenye kigoda changu na kuniambia nieleze neno kwa neno. Ndipo nikaeleza neno kwa neno.

Alinyanyua kichwa. "Hili la boti umemwambia nani?"

"Hakuna. Nimelikumbuka sasa hivi, afande."

"Usimwambie mtu."

"Hata mama yake?"

"Hasa mama yake. Akijua yeye, kesho anajua kila mtu, na huyo aliyemtorosha naye atajua. Ukinivurugia upelelezi nitakuweka ndani na huyo mtoto wako mgongoni. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nilisoma mpaka kidato cha nne, najua kwamba askari hawezi kumfunga mtu kwa kumpa mama habari za mwanawe. Lakini mambo unayoyajua ukiwa darasani huyasahau afande akishika mguu wa mtoto wako mgongoni na kusema, "Huyu jina lake nani?"

Basi nikafunga mdomo, na kila siku mama wa binti alipokuja kuniuliza nilimrudia habari za njia tu. Mume wangu alikuwa Songea kwenye kazi za ujenzi, na hata yeye sikumwambia kwenye simu.

Polisi nao walifunga wa kwao. Mwenyekiti wa kijiji alipowauliza, "upelelezi unaendelea." Mama wa binti alipokwenda kituoni, "rudi nyumbani, mama, upelelezi unaendelea." Sasa watu ukiwanyima habari hawakai bure, wanazitengeneza. Mara kuna gari jeusi lisilo na namba limeonekana njia ya Mapera. Mara kuna tajiri anatafuta viungo vya wasichana. Mnunuzi mmoja wa kahawa, mgeni, alisimama kuuliza njia, akaponea chupuchupu. Alinusurika kwa kuwa katekista alimtambua. Watoto wakawa hawaendi shule peke yao. Mwanangu mkubwa alikuwa ameanza darasa la kwanza mwaka huo, akawa anasindikizwa na baba za watu wenye mapanga, anarudi ananiambia, "Mama, leo tumecheza mchezo wa kutekwa." Kuna wakati nilimwangalia anavyokula nikafikiria: kama ni huyu angepotea, na mtu anajua jambo moja tu, dogo, halafu ananyamaza? Nikaacha kufikiria, nikaenda kuosha vyombo.

Kisha habari za gari jeusi zikachosha. Watu wakataka mtu wa karibu, mwenye sura.

Kwamba mtu huyo ni mimi nilianza kulisikia bombani. Nikifika, maongezi yanakatika. Siku moja hayakukatika.

"Mimi usipa wa mtu wa ziwani siwalishi tena wanangu," alisema mwanamke mmoja, ananipa mgongo. "Unajua umekaushiwa wapi? Unajua umekaushwa na nini?"

"Umekaushwa na jua," nikasema. "Jua lilelile linalokausha kahawa yako."

"Eti jua! Na aliyeufuata huo usipa yuko wapi?"

Wakacheka, cheko lile la puani. Nikajitwika ndoo yangu ikiwa nusu. Mama mkwe alikuwepo, naye hakucheka, lakini aliendelea kusuuza ndoo yake. Nyumbani aliniita pembeni. "Mwanangu, sisi tumekupokea. Kama kuna unalolijua, liseme."

"Sina, mama."

Aliniangalia kwa muda. Yule mama amezaa watoto wengi, uongo wa mtu anaujua. Akajua ninao, hakujua ni upi.

Nilishuka kwa afande kumwomba. Sikuomba atangaze mambo ya boti. Niliomba jambo moja tu: aje mbele ya watu aseme kwamba mimi nimeshaeleza yote ninayoyajua, wala sishukiwi. Akanijibu bila kuacha kuchokonoa simu yake, "Mama, ukijibujibu watu ndiyo wanazidi. We kaa kimya, itapita."

Haikupita. Ilifika shambani kwangu.

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa kwingine hataelewa watu wazima waliwezaje kuogopa muhogo. Huku milimani watu hulima ngolo. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana, zinafukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji yasiporomoshe mlima. Mlima mzima unakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Ngolo huchimbwa mvua zikielekea kuisha, kwa ajili ya maharage. Mvua za kwanza zikianza hakuna anayechimba. Watu wanapanda mahindi juu ya ngolo za zamani, basi. Na tuta refu hakuna. Tuta refu ni la watu wa ziwani, sisi tunaopanda mihogo.

Mama yangu alinitumia vipande vya mbegu ya muhogo pamoja na usipa. Mama mkwe alisema muhogo huku haukui, baridi. Nikasema nijaribu. Wiki ileile binti alipopotea nililima tuta moja pembeni ya shamba, udongo mwekundu, mbichi, urefu wa mtu na kidogo, nikachomeka vipande vyangu juu yake mstari mmoja. Kwetu hata mtoto mdogo akiona anasema, muhogo huo. Huku, kwenye mlima usio na tuta hata moja, katika msimu ambao hakuna anayechimba, waliona kaburi lililochomekwa matawi.

Walikuja asubuhi, wengi, na majembe. Mwenyekiti aliwahi kumpigia simu afande, namshukuru kwa hilo, nadhani bila hilo wangeanza na mimi. Afande alifika. Nikamkimbilia na mtoto mgongoni. "Afande, ni muhogo! Waambie!"

"Nani kazika muhogo?" mtu akapaza sauti nyuma, wengine wakaguna.

"Haujazikwa, umepandwa! Ng'oa kimoja uone!"

Afande aliliangalia tuta. Aliwaangalia watu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa peremende:

"Waacheni wachimbe, waridhike."

Akaegemea pikipiki yake.

Wanaume walisitasita. Kuchimba kaburi si mchezo, kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Aliyeanza ni mama wa binti. Hakuwa na jembe. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, anarusha vipande vya muhogo pembeni, anasema jina la mwanawe kidogo kidogo, kama unavyomwamsha mtu aliyelala. Alifika kwenye udongo mgumu, ule wa chini ambao jembe langu halikuugusa, na mtu yeyote angeona kwamba hapo hakuna kitu. Akaendelea. Kucha zilikuwa zinatoka damu. Nilimshika mabega, nikamwambia, "Dada, hayupo hapa. Dada, basi." Alinisukuma nikaanguka upande, mtoto akalia.

"Kama hayupo hapa, yuko wapi?" akaniuliza. "Si useme yuko wapi!"

Nikamwangalia afande. Afande akaangalia saa yake.

Baada ya tuta, waliendelea na shamba. Si kwamba walikuwa bado wanatafuta. Majembe yalikuwa mkononi na hasira ilikuwa haijaisha. Walifukua ngolo zangu na mahindi yaliyokuwa yanachomoza. Mvua iliyofuata ikateremsha udongo wote mpaka kijitoni. Mume wangu alirudi kutoka Songea akasimama juu ya lile jeraha, akasema tuhame. Nikamwambia nikihama nitakuwa nimekiri kwamba nilimuua yule binti.

Binti akarudishwa. Siku moja tu gari la polisi lilisimama kwao akashuka, mzima, amekonda, nywele zimesukwa mtindo wa mjini. Alikuwa ziwani muda wote, kwenye chumba cha mwanamume mmoja aliyekuwa amemwahidi ng'ambo kuna kazi ya saluni. Vigelegele vilipigwa mpaka nikavisikia nikiwa jikoni. Nilishukuru Mungu kweli. Halafu nikatulia nikasubiri mkutano, maana mkutano ulikuwa umeitwa, na nilikuwa na kazi nao.

Afande alikuja amependeza, sare imepigwa pasi. Akaeleza kazi nzuri waliyoifanya. Kwamba ndani ya siku chache tu za mwanzo walishamwona binti, wakahakikisha yu hai, wakaacha kumchukua ili wamnase mwanamume, kwa kuwa huyo alikuwa anakwenda ng'ambo na kurudi. Walikuwa wamemwekea mtego. Watu wakapiga makofi. "Nani ana swali?"

Nikasimama. Mtu akanivuta kitenge, kaa chini, mama, yameisha. Sikukaa.

"Siku ile shambani kwangu, afande, ulikuwa unajua yupo hai?"

Afande akarekebisha kofia yake.

"Mama, mtego hautangazwi."

"Sikuulizi mtego. Mama yake alikuwa anachimba kwa kucha mbele yako. Ulikuwa unajua?"

"Ningesema, mtuhumiwa angekimbia."

"Na mmemkamata?"

Akakohoa. "Mtuhumiwa anaendelea kutafutwa."

"Ng'ambo!" kijana mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko. Nikadhani sasa wako upande wangu. Ndiyo maana nikaomba kile nilichokuja kuomba.

"Basi waambie nilikwambia nini siku ya kwanza. Waambie mwenyewe. Na waambie uliniambia nini."

Akatabasamu. Nitalikumbuka lile tabasamu. "Jeshi halitaji watoa taarifa wake, mama. Ni kwa usalama wako."

Usalama wangu! Nikasema mwenyewe. Nilisema yote, ya usipa, ya boti, ya jiografia, ya kigoda, ya mguu wa mtoto wangu. Nilisema kwamba taarifa iliyowapeleka ziwani ilitoka mdomoni mwangu na kwamba nilinyamazishwa. Nilisubiri mtu aseme pole, kwa kweli nilisubiri.

Mama wa binti alinyanyuka kwenye mkeka, polepole. Vidole vyake vilikuwa bado vina vitambaa.

"Kumbe ulijua?"

"Sikujua alipo, dada. Nilijua alichouliza."

"Nilikuwa nakuja kwako kila siku. Ulikuwa unaniona. Ungesema 'ziwani' tu. Ningeshuka kwa miguu."

"Aliniambia atanifunga."

"Ningefungwa mimi," akasema. "Ungeniambia, ningefungwa mimi kwa ajili yako."

Minong'ono ikaanza, ikapanda, na haikuelekea kwa afande. Ilielekea kwangu. Alijua siku zote. Alituacha tuchimbe anajua. Mwanamke wa bombani akasema kwa sauti ili nimsikie, "Si nilisema? Watu wa ziwani wana moyo wa samaki." Afande akaangalia mkutano, akauliza, "Kuna swali lingine?" Halikuwepo.

Nimekaa na jambo hili, nimeligeuza kila upande. Yule mama ana haki, na mimi nina haki, na aliyetugombanisha alipanda pikipiki yake akaondoka na kuku wawili wa shukrani wamefungwa nyuma.

Sijahama. Vijana wa kijiji walikuja siku moja kwa kazi ya pamoja, wakaniambia wamekuja kunichimbia ngolo upya. Niliwaambia warudi kwao na majembe yao, shamba langu nitalitengeneza mwenyewe. Mume wangu alikasirika. Akasirike.

Mwanangu wa darasa la kwanza hupita kwa yule mama akitoka shule. Humwita ndani, humpa ugali, humfuta kamasi, kisha humsimamia mlangoni mpaka avuke kijito. Mimi humsubiri upande wa huku. Tunatazamana, mtoto akiwa katikati anarukaruka juu ya mawe. Kila siku namwamkia, kwa sauti ya kutosha kuvuka maji: "Shikamoo, dada." Akishaona mtoto amefika mkononi kwangu, anaingia ndani.