Tangi la Bwana Choo

Katika miaka ya kwanza ya Uhuru mume wangu alikuwa afisa wa maendeleo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwahimiza watu wachimbe vyoo. Alizunguka Tetu nzima na fimbo iliyochorwa futi na inchi. Akifika kwenye boma la mtu hakungoja hata kukaribishwa kiti. "Choo kiko wapi?" Kisha aliitumbukiza fimbo shimoni na kupima kina huku mwenye boma amesimama kando kama mshtakiwa. Watu wa Giakanja walimpa jina la Bwana Choo, naye alilipokea kama nishani.

Sisi wenyewe tulikaa Ruring'u, kwenye nyumba ya serikali iliyoachwa na Mzungu wa idara ya kilimo. Siku tuliyokabidhiwa, karani alileta orodha ya kurasa nne. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo: vitanda viwili, jiko la kuni, ndoano saba za mapazia, hata kitasa kimoja kibovu. Choo kilikuwa ndani ya nyumba, cha kukalia, chenye mnyororo wa kuvuta. Mahali uchafu ulipokwenda hapakuandikwa, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliwafundisha watoto safari ya chakula mwilini, kutoka mdomoni hadi mwisho wake, na kwangu mwisho wenyewe ulikuwa pale mnyororo unapovutwa.

Nilimwuliza mume wangu mara moja tu. Alinijibu bila kuinua macho kutoka gazetini:

"Unaenda kwa serikali."

Wageni wake wote walionyeshwa kile choo kabla ya kupewa chai. Aliufungua mfuniko polepole, akauvuta mnyororo, akarudi nyuma hatua moja ili ngurumo isikike vizuri. Mama mkwe wangu alitazama maonyesho hayo mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wazima wanafanya jambo hilo chini ya paa moja na sufuria za chakula. Siku zote alizokaa kwetu alivuka barabara kwenda kwenye choo cha shimo cha jirani.

Tuliishi hivyo miaka minne. Katika mwaka wa tano choo kilianza kusema. Ukivuta mnyororo kilikoroma, kikanyamaza, kikameza kwa shida. Baadaye kidogo, ukimwosha mtoto kwenye karai la bafuni, harufu ilipanda kutoka kwenye tundu la maji. Mume wangu alifanya kile alichofanya kila mara wananchi walipomkaidi: aliandika tangazo. Lilikuwa na masharti tisa, na alilibandika mlangoni kwa ndani. Sharti la kwanza lilikataza magunzi ya mahindi. La tisa lilimtaka kila mtumiaji "ashirikiane". Kisha akanunua chupa za dawa ya kuua wadudu, ile kali inayochoma macho, akawa anamimina chupa nzima kila Jumapili baada ya kanisa.

Choo kikazidi kukoroma.

Aliandikia ofisi ya ujenzi barua, nakala tatu. Jibu lilisema kwamba ramani ya nyumba haionekani, na kwamba malalamiko yoyote ya uchafu yapelekwe kwa Kamati ya Usafi. Mwenyekiti wa Kamati ya Usafi alikuwa mume wangu. Nilimwona akiisoma barua ile mara mbili, kisha akaikunja na kuitia mfukoni, na jioni hiyo hakula sana.

Mambo yakiwa hivyo ikatangazwa kwamba mkubwa wake atakuja kwetu Jumamosi kwa chakula cha mchana pamoja na mkewe, kumpongeza kwa wingi wa vyoo vya Giakanja. Siku hiyohiyo ya tangazo, maji ya chooni yalipanda mpaka ukingoni, yakasimama hapo yakitutazama.

Sikumwambia mtu. Nilishuka Majengo kumtafuta fundi mmoja niliyesikia kwamba zamani ndiye aliyesafisha mashimo ya Wazungu. Nilimkuta karibu na msikiti akirekebisha baiskeli. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia safi kuliko shuka zangu.

"Nyumba ipi, mama?" aliniuliza. Nilipomweleza, alitabasamu. "Ile yenye mti wa mlimao nyuma ya jiko? Tangi lake nalijua. Mara ya mwisho kulifungua mfuniko, bendera ilikuwa ile nyingine."

Alikuja na nondo ndefu. Alianzia pale bomba lilipotokea ukutani, akafuata mstari wake uani, akigonga ardhi kila hatua mbili na kuinamisha sikio. Akafika mahali mume wangu alipoegesha Pijo yake. Hapo palikuwa na sakafu ya saruji, ambayo mume wangu aliimwaga mwaka wetu wa pili ili magurudumu yasiguse matope. Fundi akagonga. Chini pakaitikia kama ngoma.

"Mama," alisema, "bwana mkubwa ameliziba."

Mume wangu aliporudi tulimpokea na habari hiyo hata kabla hajafunga mlango wa gari.

"Haiwezekani," alisema. "Taka za nyumba hii zinaenda kwa serikali."

"Serikali yenyewe ndiyo hii hapa, bwana mkubwa," fundi akamjibu kwa adabu, akionyesha chini ya gari. "Ni tangi la matofali. Tope zito linakaa chini, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la mawe kule chini. Kila baada ya miaka michache lazima lifunguliwe linyonywe. Hili limejaa."

"Lakini natia dawa kila Jumapili!"

Fundi alimtazama kwa huruma. "Dawa ya kuua wadudu? Humo ndani mna wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaokula uchafu. Bwana, umeua wafanyakazi wako mwenyewe."

Mume wangu alikataa saruji kuvunjwa. Mgeni angekuja Jumamosi, na hakutaka mgeni akute ua umechimbuliwa. Baada ya Jumamosi, alisema, fundi afanye apendavyo. Mpango wake ulikuwa kwamba wageni wasiende chooni, basi. Aliniagiza nipike chakula kikavu na nimimine chai kidogo kidogo.

Mkubwa alifika, mtu mpana mwenye kicheko kirefu. Mkewe alitoka upande wa Meru, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili. Tulikula. Hotuba ikatolewa mezani kuhusu Giakanja, na mume wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Katikati ya hotuba yule mama aliniinamia.

"Mwalimu, choo iko wapi?"

Sikuweza kumdanganya mwanamke mwenzangu. Nilimpeleka, nikabaki kwenye ujia nikisikiliza. Nilisikia mnyororo, halafu kimya, halafu ule mkoromo. Kisha maji yakaanza kutoka chini ya mlango, nami nikakimbilia tambara. Mlango ukafunguka. Yule mama alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Pole sana, mama," nilisema, karibu nilie.

"Pole ya nini?" alisema. "Hata yetu iko hivyo hivyo. Miaka mbili sasa. Mzee anatuambia tuende kazini na hiyo haja."

Tulitazamana. Kisha tulicheka mpaka tukashikana mikono, na waume zetu wakaja mbio kuona kuna nini, wakasimama na viatu vyao vilivyong'arishwa ndani ya yale maji. Mkubwa aliyatazama, akamtazama mume wangu, akashusha sauti.

"Kwani wewe una fundi?"

Jumatatu saruji ilivunjwa. Mume wangu aliishika nyundo mwenyewe, kwa hasira, mpaka malengelenge yakamtoka. Mfuniko ulipoinuliwa tuliona ukoko mgumu kiasi kwamba kuku angeweza kutembea juu yake. Lori la mji likaingiza mpira wake na kunyonya asubuhi nzima, majirani wakitazama kutoka madirishani. Kabla wiki haijaisha, wake wanne wa maofisa walinijia mmoja mmoja, kila mmoja akiulizia tu, ati kwa niaba ya rafiki, yule mtu wa Majengo anapatikana wapi.

Mwezi uliofuata mume wangu aliitisha baraza Giakanja na kuwahutubia watu kuhusu matangi ya choo kana kwamba amezaliwa ndani ya tangi. Nilikuwepo. Mama mmoja aliyekuwa na alama ya kamba ya mzigo kwenye paji la uso alisimama.

"Hicho choo chako kinakula maji kiasi gani ukivuta mara moja?"

Mume wangu alifikiri. "Nusu debe hivi. Labda zaidi."

"Nami hayo maji nayatoa mtoni kwa mgongo," yule mama alisema. "Niyapandishe mlima, halafu niyavute yateremke tena?"

Watu walicheka, naye akakaa chini bila kucheka. Mume wangu alisema swali lake litapelekwa kwenye kamati. Njiani kurudi, tukikaribia mjini, alipunguza mwendo wa gari.

"Mama yule ana haki," alisema.

Katika mkutano uliofuata wa kamati aliomba bomba la maji liende Giakanja. Wajumbe walilijadili, wakalipeleka kwenye kamati nyingine. Bomba lilifika miaka mingi baadaye, sisi tukiwa tumeshahamishiwa Embu.