Paa la Madhabahu

Hadi leo nikinusa peremende namkumbuka mama yule wa ramani. Miaka ile nilifanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka za mkoa wa Dorset, Uingereza, na kila aliyetaka kununua shamba alimtuma yeye achunguze kwanza kama mwenye ardhi ile ana wajibu wa kale wa kukarabati paa la madhabahu ya kanisa. Alinawa kwa maji baridi, akajifuta kidole kimoja kimoja, ndipo akafunua ramani. Kula kulikatazwa mle ndani, lakini peremende haikukosekana shavuni mwake, nasi tulijifanya hatuisikii. Kidole chake hakikugusa karatasi. Kilipita juu kwa juu, huku akiyaita mashamba kwa majina yake ya zamani, taratibu, kama anayeita ng'ombe warudi zizini: Kona ya Mjane, Bonde la Sungura.

Siku moja alikuja mzee Wilf Garland, wa kijiji kimoja na mama huyo. Kila vuli mzee huyo alipanda ngazi kubadilisha vigae vya kanisa, maana baba yake alimwambia shamba lao ndilo lenye wajibu. Sasa alitaka kuliuza. Mama yule alitafuta ramanini asubuhi nzima.

“Si lako, Wilf. Ni lile la ng’ambo ya kijito.”

Mzee alivua kofia. “Kwa hiyo babu, baba na mimi, wote tumeparamia paa la watu bure?”

Peremende ikatulia shavuni mwa mama. “Nimekaa chini ya paa hilo tangu nibatizwe,” alisema. “Sijalowa hata siku moja.”