Nusu ya Hilary

Neville Askew alikuwa mkaguzi wa mizani wa halmashauri kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumlalamikia wala kumsifu. Alizunguka miji ya Kettering na Corby, huko Uingereza, na vijiji vya katikati, na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia. Anaingia kwa muuza nyama, anaweka jiwe, anasoma, anapiga muhuri, anaondoka. Kazi ile haikutaka maneno, na pasipotakiwa maneno Neville hakuyatoa. Wenzake walimwita Bubu, naye hakukasirika, maana kukasirika nako kungetaka maneno.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1979 alimwoa Hilary Purdey, karani wa maktaba, na mwaka 1986 wakanunua nyumba ya matofali mekundu karibu na reli, wakaandikishwa wote wawili kuwa wamiliki. Watoto hawakujaliwa. Neville alikata nyasi kila Jumamosi, alisafisha mifereji ya paa kila Novemba, mshahara aliuleta wote, hakunywa, hakuzurura. Ungemwuliza yeyote mtaani angekwambia Hilary kapata mume. Mimi naona mtu anaweza kupata mume na bado akakaa peke yake, ila mtaani hilo halisemwi.

Hilary akafa Oktoba, kwa saratani, wiki sita tangu aambiwe. Neville hakulia hospitalini, hakulia kanisani, hakulia hata majirani walipomletea pai katika sahani zilizofunikwa. Alikula pai zote, akaosha sahani, akazirudisha kwa wenyewe. Wala hakuwa anajikaza. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akakuta mfuko mtupu. Februari akaona ngazi zinamshinda, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulibaki mzito tangu kiharusi cha mwaka 2010. Akiwa anapiga mswaki akaamua kuuza nyumba na kuhamia kijumba cha chini kwenye jengo la wazee.

Karatasi zikaanza kumiminika kutoka kwa wakili wake, Bi Priti Vadgama, mwenye ofisi juu ya duka la miwani. Fomu ziliuliza kila kitu. Zulia lipi linabaki? Fimbo za mapazia? Balbu utaziacha au utazichomoa? Umewahi kugombana na jirani? Neville alizijaza kwa wino mweusi na herufi kubwa, na penye balbu akaandika idadi. Hakuna mtu aliyewahi kumpelekea Bi Vadgama fomu safi kama zile. Wanunuzi walikuwa kijana mmoja na mkewe mjamzito, nao walikuwa wakimuuzia kijumba chao mtu mwingine, naye huyo akiuza chake. Nyumba sita zilifuatana kama ng'ombe kwenye njia nyembamba, mmoja akigoma wote wanasimama.

Katikati ya Mei simu ikalia.

"Bwana Askew, umekaa?" aliuliza Bi Vadgama.

"Nimesimama."

"Basi kaa kidogo, baba."

Akakaa kwenye kiti cha simu, pale pale ukumbini.

"Nimetoa nakala kwenye daftari la ardhi. Nyumba yako ina zuio. Huwezi kuiuza kwa sahihi yako peke yako."

"Mke wangu amefariki. Cheti nilikuletea mwenyewe."

"Ninacho mbele yangu. Sikiliza. Mliponunua, mlinunua kwa namna kwamba mmoja akitangulia, mwenzake anabaki na nyumba nzima. Machi 2010 mkeo aliivunja hiyo. Tangu hapo ni nusu kwa nusu, kila mtu na yake, amwachie amtakaye."

"Mimi sikusaini kitu."

"Sahihi yako haihitajiki. Anakutumia barua, basi. Ikishadondoka ndani ya mlango imefika, uisome usiisome."

"Sikuona barua."

Bi Vadgama akakohoa kidogo. Alikuwa mwanamke mwenye huruma aliyejifunza kuificha, maana kazi yake ilikuwa kuwapigia watu simu. "Sijui nikwambieje, Bwana Askew. Mara nyingi wanaofanya hivi huwa wanajiandaa kuachana."

Neville akatazama kabati la viatu. Viatu vya Hilary vya mvua bado vilikuwemo.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Siku ngapi za nini?"

"Kuliondoa hilo zuio."

Haikuwa kazi kubwa, alielezwa. Ilitakiwa ateuliwe mtu wa pili wa kusaini pamoja naye, ili ile nusu nyingine nayo iwe na wa kuisemea. Hakuna alichopoteza, kwa sababu wosia wa Hilary, wa mwaka 2013, ulimwachia yeye kila kitu. Na kwa kuwa msimamizi wa wosia huo alikuwa Jocelyn, mdogo wake Hilary, ilikuwa vyema asaini huyo huyo. Neville akashukuru, akakata simu, akaenda kumenya viazi.

Alimenya viazi vingi kuliko vya mtu mmoja. Alikuwa akijaribu kukumbuka Machi ya mwaka ule: ugomvi, mlango uliobamizwa, machozi, hata sahani iliyovunjika. Hakukumbuka lolote. Alichokumbuka ni kiharusi tu, Alhamisi ile, alipoanguka katika duka la nyama kule Corby na jiwe la kilo mbili mkononi. Aliamka hospitalini hana ulimi wa kusema, na Hilary yupo kando ya kitanda. Alikuwepo kesho yake pia, na miaka kumi na tatu iliyofuata.

Hapo ndipo swali lilipomwingia, na likakataa kutoka. Alitaka kujua jambo moja tu. Miaka ile kumi na tatu ya mwisho, alikuwa na mke au alikuwa na muuguzi? Alilala nalo, akaamka nalo, akala nalo wiki nzima. Halikumuuma. Lilikaa tu pale kama jiwe kwenye sahani ya mizani, naye hakuwa na la kuweka upande wa pili.

Jocelyn alikuja Jumanne kwa treni kutoka Lincoln. Alikuwa msusi mstaafu mwenye sauti ya sokoni na nywele za rangi ya karoti, na tangu siku ya harusi hakuwahi kumwogopa Neville hata kidogo.

"Shemeji, mbona umebaki mifupa mitupu? Unakula kweli wewe?"

"Nakula."

"Unakula nini, karatasi?" Akavua koti, akawasha birika bila kuulizwa, akafungua kabati lile lile ambamo Hilary aliweka biskuti. "Haya, ziko wapi hizo za kusaini? Maana nimeacha paka."

Hati zilikuwa mezani, mbili: ya kumteua Jocelyn awe mdhamini wa pili, na ya kuhamisha nyumba kwenda kwa wanunuzi. Jirani wa namba kumi na tisa alikuwa ameombwa aje saa nane kushuhudia. Ilikuwa saa saba na nusu.

Neville akaweka mikono yake mezani. "Ulijua?"

Jocelyn hakujifanya haelewi. Akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akaongea taratibu.

"Nilijua. Nusu yake aliniandikia mimi, katika wosia wa kwanza. Chumba changu cha nyuma nilikuwa nimeshakipaka rangi kwa ajili yake. Barua yako aliiposti Jumatano. Alisema anataka uipate kwa posta, rasmi, kwa sababu akikwambia kwa mdomo utasema 'sawa' na kwenda kukata nyasi."

Neville akajiwazia akisema sawa. Ni kweli, angesema.

"Alhamisi ukaanguka. Ijumaa karudi hapa kukuchukulia nguo za kulalia, anafungua mlango, anaikuta barua yake mwenyewe imelala sakafuni. Akaichana, akaitia chooni. Ila wakili wake alikuwa ameshatuma karatasi kule kwenye daftari la ardhi, na Hilary hakuzifuatilia tena."

"Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea kitu, Neville. Hukumfanyia kitu chochote, kizuri wala kibaya, miaka thelathini na moja. Alisema kukaa na wewe ni kama kukaa kwenye chumba cha kungojea daktari."

Birika likajizima. Hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo alibaki kunihudumia," Neville akasema. "Kwa sababu nilianguka."

"Mwanzoni, ndiyo. Sitakudanganya, mimi si mtu wa kupaka asali. Aliniambia, Joss, nipe miezi sita, siwezi kumwacha mtu hajui hata kusema maji. Nikasema haya. Miezi sita ikapita, mwaka ukapita, nikampigia nikamwuliza, chumba nikipangishe au? Akasema kipangishe. Tena 2013 akaniandikia kwamba ameenda kubadili wosia, kakupa wewe vyote. Mimi nikapoteza nusu nyumba hivi hivi kwa simu na barua!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikamwuliza kwa nini. Unajua alichonijibu? Akasema siku hizi unamwuliza amelalaje. Kila asubuhi. Kasema si kitu kikubwa, Joss, lakini ni kitu."

Neville alizipanga hati zile mezani mpaka kingo zikalingana. Alikuwa mkaguzi, na mkaguzi hawezi kuona kipimo kimezidi akanyamaza, hata kikiwa kimezidi upande wake.

"Lilikuwa zoezi," akasema.

"Nini?"

"Lile swali. Yule dada wa hospitali aliyenifundisha kusema upya alinipa kadi ishirini. Kila asubuhi niisome moja kwa sauti. 'Naomba maji.' 'Leo ni Jumatatu.' Ya nne ilikuwa 'Umelalaje?' Hiyo ilinitoka vizuri kuliko zingine, ndiyo maana niliirudia. Haikutoka kwangu, Jocelyn. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi."

Alisema yote hayo kwa sauti ya kusoma namba. Alidhani Jocelyn atakasirika, au atasikitika kwa niaba ya dada yake aliyeuza maisha yake kwa kadi. Jocelyn akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza Jumapili ni siku gani.

"Shemeji, unafikiri nani alikuwa akizibandika zile kadi kwenye friji? Hilary alijua ni zoezi. Alinisimulia tukacheka mpaka tukalia. Yule dada alikwambia usome wiki nane, sivyo?"

"Wiki nane."

"Basi wiki ya tisa Hilary akazitoa zote, akazitupa. Akangoja uache." Jocelyn akasogeza kikombe kitupu mbele yake. "Hukuacha."

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa namba kumi na tisa, amejifuta miguu na kuleta kalamu yake mwenyewe. Wakasaini. Jocelyn alisaini kwa mbwembwe, Neville kwa herufi zake safi, jirani akaandika jina, anwani na kazi yake, akasema hali ya hewa itatulia kufikia Ijumaa, akaondoka. Jocelyn akamkumbatia shemeji yake mlangoni, naye akasimama ndani ya mikono ile wima kama nguzo, kisha Jocelyn akawahi treni ya saa kumi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, Bi Vadgama akapiga.

"Bwana Askew, mambo yote yako tayari. Wenzetu wote kwenye mstari wametoa ruhusa, umebaki wewe. Nikibadilishana mikataba sasa hivi hakuna kurudi nyuma, utakuwa umefungwa, na utatakiwa kutoka Ijumaa ijayo. Mpaka sasa unaweza kubadili mawazo na hakuna wa kukufanya kitu. Nibadilishane?"

Neville akafungua mdomo kusema ndiyo. Haikutoka. Akafikiri ni ulimi, kwamba kiharusi kimerudi, akaugusa uso wake kwa mkono kuangalia kama umepinda. Uso haukupinda. Ulikuwa umelowa.

"Bwana Askew? Upo?"

Alisikia sauti ikimtoka ambayo hakuwahi kuisikia, ya chini na mbaya, na akaona haya, halafu hata kuona haya kukamshinda. Nyuma yake nyumba sita zilikuwa zimesimama: wenye magari ya mizigo, mwanamke mwenye mimba, watu waliokwisha kufunga vyombo vyao katika magazeti, wote wakimngoja mzee mmoja aliyekaa ukumbini kwenye kiti cha simu.

"Bwana Askew, uko sawa?"

"Hapana," akasema. "Siko sawa. Mke wangu amekufa."

Bi Vadgama alikuwa amekijua hicho kifo tangu Februari, alikuwa na cheti chake kwenye faili, chenye namba na muhuri. Hakulisema hilo. Hakukata simu wala hakutaja watu wanaongoja. Alikaa tu upande wa pili wa waya, na Neville akalia, akilia vibaya kama watu wasiojua kulia, kwa pua na kwa mabega, mpaka kamasi zikamwingia mdomoni.

Ilichukua karibu dakika ishirini. Kisha akapenga, akaomba radhi kwa kumpotezea wakati, akatoa ruhusa.