Haibiskasi ya Dorotea

Ziwa halikuja kwa kishindo uani kwa Dorotea. Lilikuja kama mgeni asiye na haraka. Leo limelowesha shina la mpera, kesho limefika kwenye kamba ya nguo, na asubuhi moja alipofungua mlango wa nyuma akakuta magugu maji yamejaa chini ya dirisha la jiko, mabichi, yamechanua, kana kwamba kuna mtu aliyeyapanda pale. Watu wa mtaa ule wa Pasiansi waliokaa karibu na ufuko walikuwa wameshaanza kung'oa mabati yao. Wazee walisema maji hayajawahi kupanda hivyo tangu zile mvua kubwa za miaka ya uhuru.

Mumewe, Kashindye, fundi wa injini za mitumbwi, alikuwa ameshafunga vyombo kwenye magunia. Walikuwa wahamie Buswelu, kwa binti yao Rebeka.

"Mama Rebeka, tunaondoka lini?" aliuliza, suruali ameikunja hadi magotini.

"Bado."

"Bado nini? Maji yako jikoni."

"Mti bado uko ardhini."

Kashindye alitazama kule alikotazama mkewe. Kwenye kona ya ua, juu ya kituta kilichokuwa kinamong'onyoka, ulisimama mti mmoja wa haibiskasi, urefu wa kifua cha mtu. Majani yake yalikuwa yameanza kugeuka njano.  Alijua kwamba mkewe ameutafuta mti ule kwa zaidi ya miaka kumi.

Dorotea alizaliwa Ukerewe, akaja Mwanza alipoolewa, akapata kazi ya kufagia bustani katika nyumba moja ya wageni. Huko ndiko mambo yalikoanzia. Kati ya haibiskasi nyeupe na nyekundu uliota mche ambao hakuna aliyeupanda, nao ulipochanua, ua lake halikufanana na la mama wala la baba. Msimamizi akaamuru ung'olewe, unaharibu mstari. Dorotea akaung'oa, lakini tangu siku hiyo hakuweza kupita penye maua mawili bila kuwaza mtoto wao angekuwaje.

Alipofungua kitalu chake mwenyewe nyuma ya nyumba, aliuza miche ya uzio na ya vivuli kama watu wengine. Lakini asubuhi, kabla nyuki hawajachangamka, alichukua unyoya wa kuku, akagusa vumbi la njano la ua hili, akalipaka kwenye vinundu vidogo vilivyoko kwenye ncha ya ua lile, kisha akafunga uzi kwenye kikonyo ili asisahau. Kifuko cha mbegu kikikauka, alizipanda kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea. Halafu ni kungoja. Mche wa haibiskasi unaweza kukungojesha mwaka mzima na zaidi ndipo ukuonyeshe ua lake la kwanza, na mara nyingi ua lenyewe ni la hovyo. Miche mingi aliing'oa akaitupa.

"Unapanda vitu ili uving'oe," Kashindye alimwambia siku moja, akicheka.

Alichokitaka ni kimoja. Haibiskasi hufunguka asubuhi, na jioni imeshajikunja kama tambara. Dorotea alitaka ua litakalokaa wazi. Hakuwa na sababu kubwa ya kumweleza mtu. Ilimuuma tu kwamba kitu kizuri kiasi kile hakifiki hata kesho.

Akalipata. Mwaka mmoja kabla ya ziwa kupanda, mche mmoja ulitoa ua la rangi ya embe bivu, zambarau iliyokolea katikati, na jioni ilipoingia halikufunga. Kesho yake lilikuwa wazi. Keshokutwa asubuhi Dorotea alitoka na kanga ya kulalia, akalikuta bado linamtazama, akaketi chini kwenye udongo akalia. Alimwambia Kashindye peke yake. Mtu mwingine hakumwambia, na hilo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Abeid.

Abeid alikuwa fundi wa kubebesha miche, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, mtoto wa mjini, mwenye mkono mwepesi kuliko mtu yeyote ambaye Dorotea aliwahi kumwona akishika kisu. Zamani walifanya kazi pamoja pale pale Pasiansi, Dorotea akichanganya maua, Abeid akibebesha. Ua la kwanza zuri alilolipata Dorotea, la waridi lenye marinda, Abeid alilipeleka pamoja na mche wake kwenye maonyesho ya Nane Nane wakati Dorotea yuko msibani Ukerewe. Watu walipouliza ni kazi ya nani, akasema ni yake. Akapigwa picha. Mche ule ulipata ugonjwa huko huko alikoupeleka, ukafa, na Dorotea hakubakiwa na kijiti hata kimoja. Hawakuzungumza tena. Abeid akahamia Kisesa, akawa anabebesha miembe na michungwa.

Sasa ziwa lilikuwa limefika kwenye mizizi.

Dorotea na mumewe walijaribu kuuchimba mti. Walipofukua upande mmoja, mizizi ilitoka myeusi, inanuka, inakatika kama mihogo iliyooza. Wakarudisha udongo haraka. Dorotea akakata vijiti, akavichomeka kwenye mchanga, kama watu wanavyofanya na haibiskasi ya uzio. Vyote vikaoza kwa chini. Alijua vingeoza. Mti ule haukuwahi kukubali kuota kwa kijiti hata ulipokuwa mzima. Njia iliyobaki ilikuwa kubebesha vijiti vyake juu ya mashina ya haibiskasi nyekundu ya kawaida, ambayo mizizi yake haisumbui. Miche hiyo alikuwa nayo tele, kwenye viriba juu ya meza.

Akajaribu. Lakini baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vyake, na kazi ile inataka kisu kipite mara moja, pasipo kusita. Kijiti cha kwanza alikikata vibaya. Cha pili kikapasuka. Cha tatu akajikata kidole, damu ikamwagika kwenye kidonda cha mche, akakitupa kisu majini kwa hasira, kisha akaingia majini kukitafuta kwa miguu, akilia kwa sauti kama mtoto.

Kashindye alimtoa mle ndani akimshika kiwiko. Akamkalisha kwenye gunia la sufuria.

"Kuna mtu anayeweza," alisema taratibu.

"Usimtaje."

"Simtaji. Nasema tu yuko Kisesa."

Asubuhi iliyofuata Dorotea alikwenda Kisesa. Alimkuta Abeid chini ya kivuli cha neti, amechuchumaa mbele ya miche ya miembe. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alipomwona, alisimama haraka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, dada Dorotea."

Dorotea alinyamaza. Mke wa Abeid, Fadhila, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani, aliinua kichwa.  Dorotea alikuwa amejiapiza kwamba salamu ya mtu huyu hataiitikia mpaka anaingia kaburini. Akauwaza ule mti wenye majani ya njano.

"Marahaba," akasema. 

Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, bila kukubali kiti. Abeid alisikiliza akitazama chini. Dorotea alipofika kwenye lile ua lililokaa wazi mpaka siku ya tatu, Abeid aliinua macho, na Dorotea akaona ndani yake ile njaa aliyoifahamu, kwa kuwa hata yeye alikuwa nayo. Akaogopa.

"Nitakuja," Abeid alisema. "Lakini dada, nisikilize. Usiiweke miche yote mahali pamoja. Niruhusu michache niilee huku. Huku ni pakavu."

"Hapana."

"Mti ukishaumwa, vijiti vyake navyo..."

"Nimesema hapana, Abeid. Hakuna kitu chako kitakachotoka na mti wangu. Utabebesha, utanawa mikono, utaondoka."

Abeid aliinamisha kichwa. "Sawa, dada."

Alikuja kama alivyoahidi. Alifanya kazi juu ya meza, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Alikata vijiti vyote vilivyofaa, akachonga kila kimoja kama kabari, akapasua shina la chini, akakichomeka, akafunga kwa ukanda wa nailoni, akavika kifuko juu yake. Dorotea alisimama begani kwake muda wote. Mara moja tu Kashindye alimwita amsaidie kushika upande wa kabati, akaenda, akarudi. Walipomaliza, mti mama ulibaki mashina matupu. Abeid aliagana nao akaenda zake, na Dorotea hakumpa mkono.

Siku ile ile walipakia kila kitu kwenye pikapu. Dorotea alikaa nyuma na viriba miguuni, amevikinga upepo kwa kanga mbili, njia nzima mpaka Buswelu.

Kule kwa Rebeka aliviweka varandani, upande usiochomwa na jua. Alivihudumia kama watoto njiti. Alivinyunyizia maji, akavifunua kidogo vipumue, akavifunika. Siku za mwanzo vijiti vilikaa vya kijani, akaanza kutumaini. Kisha kimoja kikawa cheusi kwenye ncha. Akakikagua, akajiambia ni hicho tu. Cheusi kikashuka. Kingine kikafuata, na kingine. Ugonjwa wa mizizi ulikuwa umeshapanda ndani ya mti kabla ya kisu. Kila asubuhi alikuta kifuko kingine kimetota uozo, na chini yake lile shina jekundu la kawaida, zima kabisa, linachipua majani yake lenyewe kana kwamba halikuombwa kitu.

Alirudi Pasiansi kuutazama mti mama. Hapakuwa na kona tena. Mashina makavu yalisimama ndani ya ziwa, ndege mmoja mweusi wa majini amekaa juu yake anakausha mabawa.

Kijiti cha mwisho kilipokufa, Dorotea aliacha kutoka nje. Alilala akiutazama ukuta. Rebeka alimletea uji, ukapoa. Kashindye aliketi kando ya kitanda. Maneno anayoambiwa mtu aliyefiwa yangeonekana ya mzaha hapa, na ya kumtania mtu aliyepoteza ua yangekuwa ukatili.

"Ningemruhusu," Dorotea alisema mchana mmoja, bila kugeuka. "Alisema kwake ni pakavu. Nikakataa kwa sababu ya moyo wangu. Nimeuua mimi."

"Ziwa ndilo lililouua."

"Ziwa liliua mti. Vijiti nimeviua mimi."

Siku moja alikuja Fadhila, mke wa Abeid. Alifika Buswelu peke yake, amejitanda mtandio, akakataa chai, akaomba waongee faragha.

"Dada, mume wangu hajui kama nimekuja. Hali chakula vizuri, usiku halali. Kuna mche nyuma ya nyumba ameuficha kwa gunia. Aliporudi siku ile alikuwa na kijiti kwenye mfuko wa shati, amekizungushia gamba la mgomba lenye maji. Nilimuuliza, akaniambia ninyamaze."

Dorotea aliketi kitandani. Damu ilimpanda usoni, ikashuka, ikapanda tena.

"Kiko hai?"

"Kina majani mapya."

Alikwenda Kisesa akiwa na ndala za Rebeka miguuni, kwa kuwa zake hakuziona. Njiani alipanga maneno ya kumtukana Abeid, na katikati ya tusi akajikuta anaomba Mungu mche usife kabla hajafika. Abeid alipomwona akiingia uani na Fadhila, alikaa chini pale pale aliposimama.

"Niliiba, dada," alisema. "Ulipoenda kushika kabati. Nilichukua kile cha juu kabisa, kizuri kuliko vyote. Sisemi nilikichukua kwa ajili yako. Wala sikuwa na uhakika ni kwa ajili ya nani."

Dorotea alimpita, akaondoa gunia. Mche ulikuwa mfupi, umesimama wima, na juu ya kovu la kisu kulikuwa na majani mapana, ya kijani kibichi, yenye ukingo uliochongoka kama ya mama yake. Alipiga magoti. Alitaka kuugusa, akaogopa vidole vyake. Alilia, na ndani ya kilio kile kulikuwa na furaha na kulikuwa na hasira, na hakuweza kuzitenganisha.

"Uchukue," Abeid alisema nyuma yake. "Ni wako. Nitakubebea mpaka Buswelu."

Hapo ndipo ukweli ulipomlemea. Kovu lilikuwa bichi. Mtikisiko mmoja wa barabarani, kijiti kingechomoka. Mche haukuweza kuondoka pale kwa miezi, na aliyejua kuulea alikuwa mtu yule yule aliyeuiba.

"Ubaki," akasema, na sauti yake haikuwa ya msamaha. "Lakini nitakuwa nakuja."

Akawa anakuja. Alifika kila alipopata nafasi, akakaa kwenye kiti ambacho Fadhila alikiweka, akatazama. Aliongea na Abeid habari za maji, mbolea na vidukari tu. Akiondoka, hakuwa na hakika ataukuta. Usiku aliota mche umeuzwa, umepigwa picha, umekauka. Kashindye alimwona akikonda, akawa anamsindikiza.

Ua la kwanza lilifunguka kiangazi kilipokaribia. Lilikuwa dogo kuliko la mti mama, na petali moja ilikuwa imejikunja. Dorotea alilala kwa Fadhila. Asubuhi ya pili likawa wazi. Asubuhi ya tatu lilikuwa wazi pia, rangi yake imefifia kidogo pembeni, na Kashindye, ambaye hakuwahi kuliona siku ya tatu, alivua kofia bila kufikiri.

Abeid alisimama mbali nao kidogo, mikono nyuma.

"Utaliitaje, dada?"

Dorotea alisogea kwenye mche. Alichunguza matawi, akachagua yaliyokomaa, akayaonyesha kwa kidole kilichopinda.

"Chukua kisu," alisema. "Hili, na hili, na lile la nyuma. Mche mmoja utabaki kwako, miwili naondoka nayo ikishika. Na safari hii keti hapa, karibu yangu, nikuone."

Abeid akaketi.